Tembo Wamekula Mtama, Sasa Wamchukue na Binti?

Mama yule alitungoja nje ya kanisa mpaka watu wote wakatawanyika. Tulikuwa tumetoka Musoma alfajiri kuja Bunda kwa semina ya akina mama juu ya afya ya watoto, kazi ambayo sisi wauguzi tunaojitolea kanisani tumeizoea, nasi tulidhani ana swali la homa au la uzazi ambalo hakutaka kuliuliza mbele ya wenzake. Haikuwa hivyo. Alifungua pindo la kanga, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akatukabidhi.

"Sista, soma hiyo, halafu uzungumze na mwanangu," alisema. "Wewe anakusikiliza. Baba yake amenyamaza, na mimi nimesema mpaka nimechoka."

Tulisoma. Binti yake, aliyemaliza kidato cha sita mwaka ule, alikuwa amechaguliwa kwenda chuo kikuu Morogoro kusomea wanyamapori. Kwa kawaida karatasi ya namna hiyo hutuletea sisi mama machozi ya furaha. Huyu machozi yake yalikuwa ya namna nyingine.

"Baba yake alitaka uhasibu. Mimi nilitaka awe muuguzi kama wewe. Yeye amejaza fomu kimya kimya na mwalimu wake, ati anakwenda kusoma tabia za wanyama! Tabia zao mimi sizijui? Tembo wamekula mtama wangu mwezi wa sita, wakang'oa na mihogo. Sasa wamchukue na binti?"

Msomaji wetu uliye mbali na Mara, huenda ukaona mama huyu anatia chumvi. Hebu tukueleze anakokaa. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyoanzishwa mwaka 1951, imenyoosha mkono mmoja upande wa magharibi hadi karibu kabisa na Ziwa Victoria. Ukisafiri kwa basi kati ya Bunda na Mwanza unapita kwenye lango la Ndabaka, na msimu ukiwa mzuri unawaona pundamilia na nyumbu dirishani bila kulipa hata senti. Watalii hutoka ng'ambo kuja kuona hayo. Lakini vipo vijiji vya Bunda ambavyo mpaka wao na hifadhi ni njia ya miguu tu au kijito. Tembo hajui kusoma kibao. Mtama ukiiva, baba na vijana huhamia shambani, hujenga dungu, hukesha wakipiga madebe na kumulika tochi. Mama hubaki nyumbani na wadogo.

Sisi wodini tunaiona hasara hiyo kwa upande mwingine. Tunaletewa kijana mwenye malaria kali kwa sababu amelala wiki tatu dunguni bila chandarua. Tunaletewa mtoto aliyedhoofu kwa sababu chakula kilichokuwa kifike mwezi wa pili kiliisha mwezi wa tisa. Na mara chache, Mungu apishie mbali, tunaletewa mtu aliyekutana na tembo uso kwa uso. Shemeji wa mama huyu ni mmoja wao. Alipona, lakini mguu wake haukurudi kuwa mguu. Serikali ina utaratibu wa kutoa kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Angalieni majina yenyewe: hakuna aliyeviita fidia. Fomu za mtama wa mama huyu zilikuwa zimejazwa, na siku tuliyokutana naye alikuwa bado anangoja.

Kwa hiyo hatukumwambia kwamba anakosea. Tulimwomba atuitie binti.

Daftari la kidato cha tatu

Binti alikuja, akatuamkia kwa heshima, akakaa pembeni ya mama yake huku ameinamisha kichwa. Tulimwuliza bila kuzunguka: tembo wamewatesa nyumbani, kwa nini unataka kuwafuata?

Alisimama, akaingia ndani, akarudi na kaunta buku lililochakaa. Tangu kidato cha tatu alikuwa akiandika kila usiku tembo walipokuja: tarehe, walikotokea, wangapi, walikula nini, walifukuzwa na nini, waliondoka saa ngapi. Siku alizokuwa bweni alimwuliza mama yake baadaye na kuandika kwa kumbukumbu ya mama.

"Mama ndiye aliyeniambia hawaji mwezi ukiwa mpevu," alisema. "Nikahesabu. Si kila mara, lakini usiku wa giza ndio mwingi."

"Si nilikwambia!" mama alidakia. "Na yule wa pembe moja hutangulia peke yake. Usiku wa pili anakuja na wenzake."

Tulitazamana. Baadaye tulikuja kujua kwamba watafiti waliofanya kazi pembezoni mwa Hifadhi ya Mikumi, mkoani Morogoro, walichapisha mwaka 2014 matokeo ya kuhesabu usiku ambao tembo waliingia mashambani, nao waliona jambo lile lile: mwezi unapokuwa mpevu uvamizi hupungua. Walieleza kuwa tembo hukwepa hatari, maana kwenye mwanga huonekana. Mama wa darasa la saba alikuwa amelijua jambo hilo akiwa jikoni kwake, ila hapakuwa na mtu wa kumwuliza, wala yeye hakuwa na njia ya kulithibitisha mbele ya wakubwa.

Hapo ndipo tulipoanza kuelewa huyu binti anakwenda kusoma nini.

Wanasoma nini hasa

Wengi wetu tukisikia kusomea wanyama tunafikiri ni udaktari wa mifugo, au ni kushika bunduki na kukimbizana na majangili. Kazi hizo zipo, na ni za maana. Lakini elimu ya tabia za wanyama huanza kwa kukaa kimya na kutazama. Mwanafunzi huandaa kwanza orodha ya matendo ya mnyama: analisha, anapumzika, anatembea, anatishia, ananyonyesha. Kisha humtazama kwa saa nyingi, na kila baada ya dakika zilizopangwa huandika anachofanya wakati huo. Hujifunza kuwatambua mmoja mmoja. Simba hutambuliwa kwa safu ya vidoa pale masharubu yanapoota. Tembo kwa mipasuko ya masikio. Wale watafiti wa simba wa Serengeti wamekuwa wakifuatilia familia za simba tangu mwaka 1966, kizazi baada ya kizazi.

Akina mama wauguzi mtatabasamu, maana huo ni mwenendo wetu. Sisi tulifundishwa chuoni kwamba kabla ya kugusa mgonjwa, mtazame: anavyopumua, rangi ya kucha, anavyolala. Joto na mapigo ya moyo kila saa nne, andika kwenye chati, usitegemee kichwa. Asiyeandika hana ushahidi.

Mwaka 1963 mtaalamu mmoja wa Kiholanzi, Niko Tinbergen, aliandika kwamba tendo lolote la mnyama linafaa kuulizwa maswali manne: nini kimelichochea sasa hivi, mnyama alilipataje alipokuwa akikua, linamsaidia nini kuishi na kuzaa, na limetokeaje katika historia ndefu ya jamii yake. Miaka kumi baadaye alipata Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili, mmojawapo Karl von Frisch aliyegundua kwamba nyuki huelekezana njia ya maua kwa kucheza ngoma. Chukua maswali hayo umpelekee yule tembo wa pembe moja. Harufu gani imemwita? Nani alimfundisha njia? Anapata faida gani kwenye mtama ambayo haipati porini? Ukijua hayo unaweza kumzuia bila kukesha mwaka mzima.

Na tembo, jamani, wana mambo ya kutufurahisha sisi wanawake. Familia yao huongozwa na jike mkubwa, bibi wa ukoo. Mimba yao ni ya miezi 22 hivi (mwanamke aliyechoka kwa miezi tisa na awaze hilo). Mashangazi na dada husaidia kulea. Madume wakibalehe huondoka, na hao ndio mara nyingi huingia mashambani. Mwaka 1993 Hifadhi ya Tarangire ilipatwa na ukame mkali, na kati ya ndama 81 waliokuwa wakifuatiliwa, 16 walikufa ndani ya miezi tisa. Familia zilizotoka nje ya hifadhi kutafuta maji na malisho zilipoteza ndama wachache. Watafiti walifikiri kwamba majike wazee wa familia hizo huenda walikumbuka ukame wa miaka ya 1958 hadi 1961, wakajua pa kwenda. Tulipowasimulia akina mama jambo hilo, bibi mmoja alipiga kigelegele pale pale.

Vanne alipokwenda na mwanawe

Mama wa Bunda alikuwa na hofu nyingine, nayo hakuitaja mbele ya binti. Alitusindikiza njiani ndipo akaisema. Msichana peke yake porini, kwenye mahema, na wanaume. Je, akipatwa na jambo?

Tulimsimulia habari ya Jane Goodall, ambaye wengi wanamjua kwa jina tu. Alifika Gombe, Kigoma, tarehe 14 Julai 1960 kuwatazama sokwe mtu, akiwa na umri wa miaka 26, hana shahada yoyote. Alikuwa amefanya kazi ya ukatibu muhtasi. Wakubwa wa serikali ya kikoloni walikataa msichana kukaa msituni peke yake. Basi mama yake mzazi, Vanne, akafunga mizigo akaenda naye. Wote wawili waliugua malaria mapema tu. Binti alipopata nafuu akawa anapanda mlimani kila siku, na mama akabaki kambini. Hakukaa bure. Alifungua kijizahanati, akawahudumia wavuvi na jamaa zao kwa aspirini, haluli na bandeji, na kwa huduma hiyo watu wa pale wakawakubali. Alikaa miezi michache, kisha akarudi Uingereza.

Kabla ya mwaka huo kwisha, Jane aliona sokwe mtu akichomeka jani la nyasi kwenye kichuguu na kutoa mchwa wa kula, jambo ambalo wasomi walidhani ni la binadamu tu, yaani kutumia kifaa. Mwaka 1962 chuo kikuu cha Cambridge kilimpokea kusomea shahada ya uzamivu bila kuwa na ya kwanza, na huko baadhi ya walimu wakamsema kwa kuwapa sokwe majina badala ya namba. Alifariki mwaka 2025 akiwa na miaka 91, na utafiti wa Gombe haujasimama.

Hatukumsimulia mama huyu ili naye aende kukaa kwenye hema. Tulitaka aone kwamba hofu yake si ushamba. Hata wenzetu wa Ulaya waliihofia. Na hofu ina kazi yake. Tunawashauri akina mama mwulize chuo, bila haya, wanafunzi wa kike wanalala wapi wakienda mazoezini, wanafuatana na nani, na wakinyanyaswa wanamweleza nani. Mwambie binti kwamba akirudi na lolote, mlango wako uko wazi na hutaanza kwa kumlaumu. Sisi tumewapokea wasichana hospitalini waliokaa na siri miezi kwa kuogopa maneno ya nyumbani kuliko walivyomwogopa aliyewadhuru.

Maswali ya akina mama wa Butiama

Wiki mbili baadaye tulikuwa Butiama kwa semina ile ile. Kutoka Musoma unashika barabara ya Bunda mpaka Makutano, kisha unakata kushoto kuelekea vilima vyenye mawe makubwa. Tuliwasimulia akina mama kisa cha binti wa Bunda bila kumtaja, na semina ya lishe ikasahauliwa kwa saa nzima.

Mahali hapo panafaa kwa mjadala huo. Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, alisimama nyuma ya Tamko la Arusha la Septemba 1961 kuhusu wanyamapori. Msilichanganye na Azimio la Arusha la 1967. Katika tamko hilo serikali yake ilikubali dhamana ya kuwatunza wanyama kwa ajili ya wajukuu wetu, ikasema wazi kwamba kazi hiyo yadai elimu maalumu, watu waliofunzwa na fedha. Miaka miwili baadaye, 1963, chuo cha wanyamapori cha Mweka kikafunguliwa kwenye miteremko ya Kilimanjaro. La kuchekesha ni kwamba Mwalimu mwenyewe alikiri hakuvutiwa sana na wanyama, wala hakutaka kumaliza likizo yake akitazama mamba. Hata hivyo aliona lazima wawepo watu wa kuwasoma.

Mama wa kwanza aliuliza: "Si watamfundisha kwamba tumetokana na nyani?" Tulimjibu kwamba habari hizo mwanawe amekwisha kuzisikia sekondari katika biolojia, na bado yumo kwenye kwaya. Kama yapo ya kuzungumza, zungumzeni mezani nyumbani, msingoje aulizwe na mgeni.

Wa pili aliuliza ataolewa na nani akikaa porini. Hapo vicheko vikawa vingi, na kila mmoja akawa na jibu lake. Sisi tuliwasimulia habari ya Dakta Gladys Kalema-Zikusoka wa Uganda, mke na mama wa watoto wawili. Alikuwa na umri wa miaka miwili tu baba yake alipotoweka mwanzoni mwa 1972, wakati wa Idi Amin, na mama yake, Rhoda Kalema, akawalea watoto peke yake. Gladys alisomea udaktari wa wanyama London, na mwaka 1996 akawa daktari wa kwanza wa mamlaka ya wanyamapori ya Uganda. Mwaka huo huo gorila wa msitu wa Bwindi walianza kunyonyoka manyoya na kukonda. Ulikuwa upele, upele huu huu tunaoutibu kliniki kwa watoto wetu. Mtoto mmoja wa gorila alikufa. Ilifikiriwa kwamba waliupata kwenye nguo chafu zilizovalishwa sanamu za kutishia wanyama mashambani. Dakta huyo aliona kwamba hawezi kuwaponya gorila huku watu wa jirani wanaugua, na mwaka 2003 akaanzisha shirika linaloshughulikia afya ya watu na ya wanyama kwa pamoja, pamoja na uzazi wa mpango.

Tuliposikia kisa hicho mara ya kwanza, sisi wauguzi tulijiona wajinga. Tulikuwa tukidhani kazi yetu inakomea kwenye uzio wa hospitali. Kumbe hata hapa kwetu mambo yanaingiliana. Mwaka 1994 ugonjwa wa mbwa uitwao distempa uliua simba wa Serengeti wapatao 1,000, yaani theluthi moja ya wote, na inaaminika kirusi chake kilitoka kwa mbwa wa vijijini. Baada ya hapo mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi wakaanza kuchanjwa, pamoja na chanjo ya kichaa cha mbwa, na mahali walipochanjwa idadi ya watu walioumwa na mbwa wa kushukiwa ikapungua. Simba walipona, na watoto wetu pia. (Tukiwa hapo hapo: mtoto akiumwa na mbwa, osha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usipake pilipili wala mafuta ya taa, na usingoje kuona kama mbwa atakufa.)

Swali la tatu lilikuwa gumu zaidi: akimaliza, atapata kazi? Hatukuwadanganya. Wapo wahitimu wengi wanaokaa nyumbani na vyeti vyao. Waajiri ni Hifadhi za Taifa, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, Ngorongoro, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, idara za wanyamapori wilayani, mashirika na kampuni za utalii. Kwenye hifadhi siku hizi utumishi ni wa mtindo wa kijeshi. Sare, gwaride na mafunzo makali, na binti ajue hilo kabla. Anayetafuta kazi ya ofisini yenye kiyoyozi atafute kwingine.

Yanayofaa kujulikana mapema

Njia hupotezwa kidato cha tano, si chuoni. Binti anayetaka masomo haya achukue fizikia, kemia na biolojia, au kemia, biolojia na jiografia. Tumewaona wasichana wenye vipaji waliosukumiwa masomo mengine kwa sababu ati sayansi ni ngumu kwa mwanamke, na baadaye mlango ukawa umefungwa. Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kina shahada ya usimamizi wa wanyamapori. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya zoolojia na uhifadhi wa wanyamapori. Mweka hutoa astashahada, stashahada na shahada, kwa hiyo hata aliyeishia kidato cha nne anaweza kuanzia chini akapanda. Chuo cha Pasiansi, Mwanza, ni cha karibu zaidi nasi na hufundisha askari wa wanyamapori. Butiama sasa pana makao ya Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Nyerere. Wenye mabinti wanaopenda kilimo wakiangalie hicho.

Mikopo ya serikali huombwa mapema, majina ya vyuo yakiwa bado hayajatoka. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA. Akina mama, vitafuteni vyeti hivyo sasa, watoto wakiwa kidato cha tano; tumeona machozi mengi kwa ajili ya karatasi hiyo moja.

Usiku wa Musoma

Mwezi wa kumi mama wa Bunda alimleta shemeji yake Musoma kwa matibabu ya mguu, wakalala kwetu, na binti akiwa nao. Baada ya chakula tuliongea habari za nyuki. Watu wa zamani walijua kwamba tembo hapendi nyuki. Mwingereza mmoja, Lucy King, alilifanya jambo hilo kuwa utafiti wake wa uzamivu, kule Kenya. Aliwapigia tembo sauti ya nyuki iliyorekodiwa, wakakimbia. Kisha wakulima wakajengewa ua wa mizinga iliyoning'inizwa kwenye waya kuzunguka shamba. Tembo akigusa waya, mizinga inatikisika. Katika majaribio ya miaka miwili tembo walifaulu kuingia mashambani mara 32, na mara moja tu ndipo tembo alipopita kwenye ua wa mizinga. Na mkulima huuza asali. Wako pia wanaopaka pilipili na oili chafu kwenye kamba, au kuchoma matofali ya kinyesi cha tembo kilichochanganywa na pilipili ili moshi uwafukuze. Hakuna dawa moja. Tembo ni mwerevu, hujaribu tena.

Mama alisikiliza sana. Kisha akauliza mizinga mingapi kwa ekari, nani atainunua, na ukame ukija nyuki wakahama itakuwaje. Binti hakuwa na jibu.

"Basi hayo ndiyo ukaulize," mama alimwambia. Yalikuwa maneno ya kwanza ya ruhusa tuliyoyasikia kwake. Shemeji, mguu wake juu ya stuli, aliongeza kwamba amwulize pia huyo profesa kwa nini tembo walipita shamba la jirani lenye mtama mzuri zaidi wakaja kwao.

Baba alikuja kukubali siku mbili kabla ya safari, kwa kuuza mbuzi wawili bila kusema neno. Akina mama wa kanisa walichanga godoro, ndoo na nauli. Tulifika stendi ya Bunda kabla hakujapambazuka. Mama alikuwa amefunga unga wa muhogo na dagaa kwenye mfuko wa sandarusi, na binti alikuwa akitafuta kitu kwenye begi lake kwa wasiwasi.

"Kaunta buku liko wapi?"

"Limebaki nyumbani," mama alijibu. "Ukilichukua, nani ataandika wakija?"

Mwezi wa kumi na mbili tulipita kwake tukitoka kwenye chanjo. Lilikuwa limening'inizwa kwa kamba ya katani kwenye msumari karibu na mlango, na kalamu pembeni. Baada ya mwandiko wa binti, ulianza mwandiko mwingine, mkubwa, wa kalamu iliyokandamizwa: tarehe 9, giza, wanne, wametokea mtoni, wamekula mihogo mistari miwili. Tarehe 11, giza, yule wa pembe moja peke yake. Tarehe 23, mwezi upo, hawakuja.

Mama alitukaribisha uji, akatuuliza kama kule Morogoro simu hushika vizuri, maana alikuwa na mambo ya kumsomea mwanawe.